Kabwa na Sindano ya Hiari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kasha la baridi nilipakate. Nilikuwa nimeshuka Mkwajuni asubuhi na begi la nguo, cheti cha chuo cha mifugo, na viatu vya kisigino kifupi ambavyo mama yangu aliona vinamfaa mtumishi wa serikali. Afisa Mifugo wa Tarafa, mtu mrefu wa Rungwe asiyependa maneno mengi, aliviangalia viatu vile, akaingia ndani, akatoka na mabuti ya mpira ya mtu mwingine. Kisha akawasha pikipiki, akanionyesha pa kukaa, akaniwekea kasha mapajani. Tulikuwa tunakwenda Galula kuchanja ng'ombe dhidi ya chambavu, ugonjwa unaovimbisha paja au bega la ndama aliyenona na kumuua kabla mwenyewe hajajua amwite nani.

Wakati huo Songwe haikuwa mkoa. Huku kote kulikuwa Mbeya, na Mkwajuni ilihesabiwa Chunya. Njia ya Galula ilikuwa ya vumbi na makorongo, na joto la bondeni kule linakupokea usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Tulipofika mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikamwuliza mkuu wangu kwa nini hatukulifunga lile kasha nyuma kwa mpira.

"Ukilifunga nyuma utalisahau," alisema. "Chanjo ikishapata joto inakuwa maji. Utamdunga ng'ombe maji, mwenye ng'ombe atakushukuru, halafu ng'ombe atakufa."

Huo ndio unaoitwa mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo isipate joto tangu inapotengenezwa mpaka inapoingia chini ya ngozi ya mnyama. Ninyi mnaoanza kazi sasa mna majokofu ya umeme wa jua na vipimajoto vinavyolia vyenyewe. Sisi tulikuwa na barafu ya kuombaomba hospitali ya misheni, na mapaja yetu.

Nilikaa bonde lile miaka mingi, nikaendesha pikipiki mwenyewe, nikajulikana kwa wafugaji na kwa wachimba dhahabu waliofuga mbuzi pembeni mwa mashimo yao. Watu waliniita Bibi Mifugo, wengine Daktari, ingawa daktari sikuwa. Elimu yangu ni ya stashahada. Kuhusu mbwa, tulikuwa na kazi moja tu, chanjo ya kichaa. Tulitangaza kanisani na mnadani, wakaletwa uwanja wa shule wakikokotwa kwa kamba, wakibweka na kung'atana. Ukiuliza jina la mbwa unaambiwa hana, ni mbwa wa nyumbani. Hakuna aliyeniuliza maswali. Serikali imesema wachanjwe, basi wanachanjwa.

Kutoka huko nilihamishiwa Ileje, nikabadilishana joto na ukungu. Vijiji viko juu ya vilima, pikipiki inaishia njiani, unapanda kwa miguu na kasha begani. Daktari wa Mifugo wa Wilaya wakati ule alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na ndiye aliyenifundisha nusu ya pili ya kazi. Tulikuwa tunahimiza chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ile chanjo si kama nyingine. Ndama anaambukizwa ugonjwa wenyewe kidogo, na hapohapo anapewa dawa ya kuuzima, ili mwili ujifunze. Mzee mmoja wa Kindali aliposikia hivyo alikataa kabisa, akasema hawezi kumpeleka ndama wake akaugue kwa makusudi. Mimi nilianza kubishana naye. Yule mama akanishika mkono, akamuaga mzee kwa heshima, tukashuka kilima.

"Chanjo ya lazima unaamua wewe," aliniambia njiani. "Ya hiari anaamua yeye. Kazi yako ni kumpa yote unayoyajua, pamoja na yale yasiyokusaidia kumshawishi. Kisha unyamaze."

Kujifunza kunyamaza kulinichukua muda mrefu.

Katika miaka hiyo yote mume wangu alikuwa Iyula na kahawa yetu, akilea watoto pamoja na mama yake, mimi nikija mwisho wa mwezi nikinuka dawa ya josho. Nilipopangiwa Tunduma, kituo changu cha mwisho, tulifurahi kwa kuwa ni jirani. Kumbe ndiko nilikokutana na mgonjwa aliyenifanya nifikiri kuliko ng'ombe wote wa Galula, na hata mgonjwa hakuwa.

Tunduma mnaijua. Malori yamejipanga kusubiri kuvuka, maghala ya mahindi kila upande, lugha zimechanganyika mpaka muuza nyanya anakupa bei kwa Kiswahili na chenji kwa Kibemba. Panapokaa mahindi panakaa panya, na mvua zinapokolea maji yanatuama kwenye mitaro katikati ya maghala, meusi, na panya wanayapita usiku na mchana. Na hapo mjini nilikuta jambo jipya kwangu: mbwa wadogo. Walikuwa wanaletwa kutoka upande wa pili wa mpaka, wenye manyoya marefu na miguu mifupi, wanalala ndani, wana majina.

Mzee Sikanyika aliingia ofisini kwetu msimu wa mvua akiwa amevaa koti zito, mkono mmoja ameuficha kifuani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akafungua kifungo cha koti. Kichwa cheupe kikachungulia. Alikuwa mbwa mwenye uzito wa jogoo mkubwa, macho ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala.

"Anaitwa Kabwa," mzee alisema. Kwa Kibemba maana yake ni kijibwa tu, na mzee alieleza kwamba hakulichagua yeye jina hilo. Binti yake Esta, aliyekuwa akifanya biashara Nakonde, upande wa Zambia, ndiye aliyemleta akiwa mchanga, akasema baba asikae peke yake baada ya mama kufariki. Kisha Esta akaolewa Kitwe, akaondoka. Nyumbani wakabaki mzee na Kabwa.

Alichokuja kuuliza kilikuwa hiki. Mtaani kwake mbwa wawili wa jirani walikuwa wamekufa, wametapika, macho yamekuwa ya njano. Mtu mmoja dukani akamwambia ni homa ya mgunda na kwamba ipo chanjo yake. Mzee alitaka Kabwa achanjwe. Lakini pia alitaka nijue kwamba Kabwa aliwahi kuchanjwa chanjo ya mchanganyiko akiwa mdogo, kule ng'ambo, na kabla hawajafika nyumbani uso ulikuwa umevimba, anapumua kwa shida, Esta akamrudisha mbio akapewa dawa, akapona. Ya kichaa alikuwa akichanjwa kila mwaka bila tatizo.

Hapo nikaona kazi ninayo. Homa ya mgunda inaletwa na vijidudu vilivyomo kwenye mkojo wa panya. Vinaishi kwenye maji yaliyotuama, vinaingia kwa mnyama kupitia mdomo, macho au mchubuko wa mguu, vinaharibu ini na figo. Na haviishii kwa mbwa. Mbwa akiugua, anayemfulia tandiko naye yumo hatarini. Chanjo ipo, lakini si ya lazima kama ya kichaa, na kwenye jokofu letu haikuwa inakaa. Ilibidi kuagiza Mbeya. Inachomwa mara mbili kwa kupishana majuma kadhaa, kisha kila mwaka, na hata hivyo haizuii kila aina ya vijidudu vile. Tena katika chanjo za mbwa ni mojawapo ya zile zinazowasumbua mbwa wadogo kwa mzio, yaani mwili kuikataa dawa kwa nguvu kupita kiasi.

Nilikwenda kumwuliza Daktari wa Mifugo wa Mji, kijana makini aliyekuwa mkuu wangu wakati ule ingawa alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mbwa mkubwa wa kulinda ghala na huyu mdogo wa kuwekwa kwenye koti wanapata dozi ileile, kichupa kimoja kwa mmoja, kwa hiyo mdogo anabeba mzigo mkubwa zaidi. Na kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa mchanganyiko, hatuwezi kujua ni kipande kipi kilichomvimbisha. Alisema kama mzee ataamua achanjwe, iwe peke yake bila chanjo nyingine siku hiyo, dawa ya mzio iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano, na mbwa asiondoke mpaka tumeridhika. Kama ataamua asichanjwe, hatamlaumu.

Nikamweleza mzee Sikanyika yote, pamoja na yale yasiyonisaidia. Alisikiliza akimkuna Kabwa nyuma ya lile sikio lililolala.

"Umesema ni hiari," alisema mwishowe. "Hiari ya nani? Yako, yangu, au yake yeye?"

Nilimwambia niruhusu nije nyumbani kwako nione huyu mbwa anaishije.

Nyumba yake ilikuwa safi, sakafu ya saruji imepigwa deki, mahindi yamefungwa vizuri kwenye mapipa ya bati yasiyopenyeka panya. Nilikagua anapolala Kabwa, chombo chake cha maji, uani, nikaona hapo hatari ni ndogo. Karibu nimwambie aache chanjo. Kisha nikamwuliza kama mbwa anatoka nje. Mzee akasema twende nikuonyeshe.

Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa ukaguzi wa njia ya reli, kutembea kwa miguu tangu kituo hiki mpaka kingine akiangalia mataruma, ile miti na zege inayolaliwa na reli, na kukaza boliti zilizolegea. Alistaafu lakini miguu haikustaafu. Kila siku asubuhi yeye na Kabwa walikwenda stesheni, treni iwepo isiwepo, wakatembea kando ya reli mpaka kwenye mti fulani wa msonobari, wakarudi. Na njia ya kufika huko ilipita katikati ya maghala, kando ya ule mtaro mweusi. Niliwatazama. Nyumbani Kabwa alikuwa mbwa mpole wa kulala. Alipoanza njia ile alibadilika, akatangulia, akageuka kuhakikisha mzee anakuja, akatangulia tena. Alipofika mtaroni akashusha pua kwenye maji kunusa.

"Nikimfungia ndani," mzee aliuliza, "hatahitaji sindano?"

Nilimwambia ndiyo, akikaa ndani atahitaji ya kichaa tu. Tulirudi taratibu, na nilijua kwamba nilichomwambia kilikuwa kweli na hakikumsaidia.

Aliamua mwenyewe siku ileile. Alisema sindano anaiogopa na kumfungia ndani hawezi, kwa hiyo atambeba. Na akafanya hivyo. Msimu ule wote wa mvua, nikiwa naelekea kazini, nilimwona Mzee Sikanyika akipita kwenye maghala na koti lake zito, kichwa cheupe kinachungulia kifuani, mabuti yake yakizama kwenye tope. Wapakizi wa mahindi walimzoea, wakawa wanamsalimia Kabwa kwa jina. Akishauvuka mtaro na kufika penye kokoto kavu za reli, anainama anamtua chini, na wote wawili wanatembea. Mara nyingi nilisimama kuwaangalia mpaka wakapotea, nikachelewa kazini.

Ninyi vijana mtaniuliza, mwisho wa habari si ndio huo? Mwenye mnyama ameshaamua. Nami nilidhani hivyo.

Mwaka uliofuata mvua ziliporudi, mzee alikuja na fimbo. Nyonga ilikuwa ikimuuma tangu kiangazi, akawa anatembea kwa kuegemea, na Kabwa alikuja kwa miguu yake mwenyewe, manyoya ya tumboni yana tope. Nililiona tope lile kabla sijamwona mzee usoni.

"Mikono imekwisha, daktari," alisema. "Mmoja umeshikwa na fimbo. Na huu mwingine peke yake haumwezi, anachomoka."

Aliniambia Esta alikuwa amepiga simu kutoka Kitwe akimsihi amtoe yule mbwa kwa mtu mwingine, au amfungie, asije akamwambukiza ugonjwa. Binti hakukosea kuogopa. Mzee alikuwa amemjibu kwamba atafikiria, kisha akakesha bila kufikiria chochote, kwa sababu jibu hakutaka kulijua. Aliketi kwenye benchi letu, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Akifa kwa sindano nitakuwa nimemuua mimi," alisema. "Na akifa kwa yale maji nitakuwa nimemuua mimi vilevile. Ingekuwa wako, mama, ungefanyaje?"

Katika miaka yangu yote nilikuwa nimejifunza kutokulijibu swali hilo. Unampa mtu maelezo, unanyamaza. Lakini alikuwa ameniita mama, siyo daktari, na niliona kwamba maelezo anayo tayari. Alichokosa ni mtu wa kubeba naye.

"Ningemchanja," nilimwambia. "Kwa sindano nitakuwa nimekaa hapa karibu yake, dawa iko mkononi. Kwa yale maji sitakuwepo."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaagiza Mbeya.

Kichupa kilikuja na basi la asubuhi ndani ya kasha dogo, nami nililipokea mwenyewe kwa kondakta na kulipakata mpaka ofisini. Daktari wa Mji aliacha shughuli zake akaja kusimama mlangoni. Nilimpima Kabwa uzito, nikampima joto, nikamwacha atembee chumbani kwanza nimwangalie. Kisha nikavuta dawa ya mzio kwenye bomba moja na kuliweka juu ya kitambaa safi, nikavuta chanjo kwenye bomba la pili. Mzee alimshika kichwa. Sindano ile ni nyembamba, inaingia chini ya ngozi ya shingo, ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Kabwa hakulia. Mzee ndiye aliyevuta pumzi.

Tukakaa benchi la nje kusubiri. Mzio wa hatari mara nyingi hujitokeza mapema, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye midomo ya yule mbwa, kwenye kope, kwenye mbavu zinavyopanda na kushuka. Barabarani malori yalisogea kidogo, yakasimama, yakasogea. Mzee Sikanyika akaanza kuzungumza, na ndiyo mara pekee aliyonihadithia mambo yake. Alisema alipokuwa kazini mkewe alikuwa akijua amefika wapi kwa kusikiliza nyundo yake ikigonga reli, kwamba chuma kinapeleka sauti mbali. Siku nyingine mkewe alikuwa anatoka na uji kumlaki, hajaambiwa na mtu kwamba mumewe yu karibu. Alipofariki, mzee alisema, kilichomsumbua hakikuwa kitanda wala meza. Kilikuwa ni kurudi nyumbani bila kusikilizwa.

"Huyu ananisikiliza," alisema, akamwonyesha Kabwa kwa kidevu.

Hapo Kabwa akaanza kujikuna pua kwa miguu ya mbele. Nilisimama. Daktari wa Mji alikuwa ameshaingia ndani kuchukua lile bomba. Nilimpapasa mdomo, nikainua kope, nikaweka sikio kifuani pake. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba kidogo upande mmoja, kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Pumzi zilikuwa nzuri. Tukamchoma dawa ya mzio, mzee amemkumbatia kwa mikono yote miwili, fimbo imeanguka chini hakuna aliyeiokota. Tukasubiri tena. Sikumbuki tulikaa kiasi gani. Uvimbe haukuongezeka. Baadaye ukaanza kupungua, na Kabwa akapiga miayo, akalala juu ya kiatu cha mzee.

Sindano ya pili ilihitaji kuamuliwa upya, maana ile ya kwanza peke yake ni kama nusu ya ukuta. Safari hii hatukuzungumza sana. Daktari wa Mji alishauri tumpe dawa ya mzio kabla badala ya baada, na mzee akasema fanyeni. Kabwa hakuvimba kabisa. Alikataa chakula jioni ile, mzee alinipigia simu kunijulisha, na kesho yake akala.

Juma moja au mawili baada ya hapo niliwafuata njiani bila wao kujua. Walipofika kwenye mtaro, Kabwa alisimama akamtazama mzee, akingoja kubebwa kama zamani. Mzee alisimama pia. Kisha akasema neno ambalo sikulisikia, na yule mbwa akaruka maji, akafika ng'ambo, akageuka kumsubiri. Mzee akauvuka mtaro kwa fimbo yake polepole, akasimama kupumzika, wakaendelea wote wawili kuelekea relini.

Walipata misimu kadhaa ya namna hiyo. Kila mwaka wakija kurudia chanjo, kila mwaka tunakaa benchini, na mzee haniongelei tena habari za mkewe, ananiongelea habari za bei ya mahindi. Kisha mwaka mmoja wakati wao ukapita, sikuwaona. Nilikwenda nyumbani nikamkuta Esta amevaa nguo nyeusi anafunga vyombo. Baba yake alikuwa amelala mchana baada ya matembezi, hakuamka. Kabwa alikuwa uvunguni, alitoka kuninusa mkono, akarudi. Esta alisema anamchukua kwenda naye Kitwe, ila alitaka nimwambie ukweli kama mnyama wa umri ule atakubali kuhamishwa. Nilimwambia atakubali, ila asimwondolee lile koti. Akalikunja akaliweka kwenye begi lake, juu kabisa.

Nilistaafu mwaka uleule. Walinifanyia sherehe fupi, Mkurugenzi wa Halmashauri akasema maneno mazuri, nikapewa mabati. Nikarudi Iyula kwa mume wangu, ambaye tulikuwa tumeoana miaka yote hiyo bila kuwahi kukaa pamoja mwaka mzima. Tunajifunza. Yeye anaamka mapema kuanika kahawa, mimi naamka mapema zaidi nikidhani nina safari. Nimetamani mambo ambayo sikujua kama yanatamanika: uzito wa kasha mapajani, harufu ya spiriti kwenye pamba, sauti ya mtu asiyenijua akinieleza mnyama wake amekula nini jana. Watu hapa huja kuniuliza juu ya nguruwe na kuku wao, nami nawapa ninalojua kisha nawaelekeza kwa afisa wa kata, binti mzuri mwenye bidii, kwa maana kazi sasa ni yake. Wakiondoka nakaa kibarazani kitambo.

Wiki iliyopita simu iliita, namba ya Zambia. Alikuwa Esta. "Mwapoleni, mama," alinisalimu kwa Kibemba, tukaulizana watoto. Kisha akaeleza shida yake. Kabwa amezeeka, anaona kwa jicho moja, na daktari wa kule amemwambia muda wa kurudia chanjo ya homa ya mgunda umefika, lakini ni hiari, aamue mwenyewe. Esta hakujua aamue nini. Alisema alijiuliza baba angefanyaje, akaona anipigie mimi.

Nilikaa chini. Nilimwuliza siku hizi Kabwa anatoka nje? Akasema hapana, anaota jua uani asubuhi, anarudi kulala juu ya koti. Panya? Hakuna, wana paka. Maji yanayotuama karibu? Hakuna, wanakaa mlimani. Figo zake zikoje? Daktari amesema zimechoka kidogo. Nikamweleza faida na hasara kama nilivyomweleza baba yake, kisha nikanyamaza. Nikasikia redio yao kwa mbali.

"Basi ya kichaa tu," Esta alisema. "Hii nyingine tumwache apumzike."

Nilimwambia ameamua vizuri. Hapo ndipo ilipofaa tuagane, nami nikashindwa. Nilimwomba, kama haoni ni upuuzi wa bibi kizee, aweke simu karibu na mbwa.

Nikasikia vyombo vinasogezwa, kisha pumzi, fupifupi, zenye mkwaruzo kidogo. Nikasema, "Kabwa." Nililisema kama mzee alivyokuwa akilisema. Pumzi zikasimama. Halafu nikasikia kucha zikigonga sakafu, harakaharaka, zikienda mbali na simu.

Esta alirudi hewani, sauti yake imebadilika.

"Amekimbilia mlangoni, mama," alisema. "Amekaa pale anangoja."